Kompyuta ya Skola Iliyopona Kila Ilipofika Kwangu

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana nisipoisema mimi mtaisikia kwa wengine na watatia chumvi. Niliwahi kuagiza kipoza joto cha prosesa, lile dude la mabati membamba lenye feni ubavuni, bila kupima upana wa kasha la kompyuta ya mteja. Vingine vyote nilipima. Hicho sikupima, kwa sababu kwenye picha ya simu dude lilionekana dogo. Kwenye picha ya simu hata milima ya Udzungwa inaingia kiganjani. Mzigo ulipofika kwa basi kutoka Dar nikalifunga vizuri, nikajipongeza, nikachukua mfuniko wa ubavuni ili nimalizie kazi. Mfuniko ukagoma. Dude lilikuwa limechomoza nje kama jogoo aliyetoa kichwa kwenye tenga.

Mtu mwenye akili angelirudisha. Lakini kurudisha maana yake ni kutoka nyumbani, kupanda pikipiki hadi stendi na kubishana na watu wa mizigo, na mimi safari yoyote inayovuka kona ya kwetu Katindiuka naiona ni ya kuagwa kwa sala. Nikachukua mkasi wa bati, nikakata tundu kwenye mfuniko. Likatoka kama limetafunwa na panya. Mteja alipouliza nikamwambia ni la hewa, ndio mtindo wa sasa. Akafurahi sana. Baada ya hapo wakaanza kuja vijana wengine, wanasimama barazani, shikamoo mzee, marahaba, tunataka na sisi lile tundu. Nikawakatia. Mpaka leo kuna makasha Ifakara hii yana tundu la ujinga wangu, na wenyewe wanalionea fahari.

Nawaambia haya mapema ili mjue anayewacheka ni mtu wa namna gani. Kwa sababu nitawacheka.

Nimeacha kazi ya ufundi tangu macho yalipoanza kuniletea skrubu mbili mahali pa moja. Kabla ya hapo nilitengeneza redio, halafu televisheni, halafu kompyuta, zote kwenye baraza ya nyumba yangu, kwa elimu ya kidato cha nne na divisheni ambayo hatutaitaja. Sasa nakaa pale pale barazani, kiti kile kile, na bado mnakuja. Hamji tena kutengenezewa. Mnakuja kuniuliza mnunue nini mjiundie kompyuta ya mezani wenyewe, halafu muisukume mwendo kidogo zaidi ya ule iliopewa kiwandani. Wazo zuri. Tatizo ni ninyi.

Kijana anafika na feni tatu zenye taa za rangi zote za ukumbi wa harusi. Namuuliza, madabodi gani? Anasema nyeusi. Pawasaplai ya wati ngapi? Anasema mpya. Prosesa je? Hapo anachangamka, anataja jina refu lenye namba na herufi, na ananieleza kwamba kaona kwenye video mzungu mmoja akiisukuma mwendo mpaka watazamaji wakapiga makofi. Mwanangu, huyo mzungu kwao kuna theluji. Yeye akifungua dirisha kompyuta inapoa. Wewe ukifungua dirisha Ifakara mwezi wa kumi na moja kinachoingia ni mbu na joto la jirani.

Sikilizeni basi, na mmoja wenu aandike, ingawa najua hataandika.

Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na madabodi, bamba linalobeba vifaa vyote, vinachaguliwa siku moja, kama jembe na mpini. Kila kizazi cha prosesa kina soketi yake ya kukalia, na kufanana kwa umbo si undugu. Nimewahi kumwona mtu mzima, baba wa watoto, akiikandamiza prosesa kwa kidole gumba huku ameuma ulimi, kwenye soketi isiyo yake. Pini zikalala kama mpunga uliopitiwa na viboko. Akaniuliza kama naweza kuzinyanyua. Nikamwambia naweza kumnyanyua yeye.

Halafu kuna bayosi, ile akili ndogo ya madabodi inayoamka kabla ya kila kitu. Madabodi iliyolala stoo muda mrefu haijapata habari za prosesa iliyotoka juzi. Utaifunga vizuri, itaingia vizuri, na skrini itabaki nyeusi kama chungu. Muulizeni muuzaji kama bayosi ni ya karibuni. Akijibu, "Inaingia tu bosi, usiogope," mwambieni asante na mkate simu. Hilo "inaingia tu" limewaliza watu wengi bonde hili. Hata kiatu cha mwenzako kinaingia, uliza kisigino.

Na kama mnataka kuongeza mwendo, jueni kuna prosesa zilizofungwa mwendo kiwandani na zilizoachwa wazi, na kuna madabodi zinazokuruhusu kuuchezea mwendo na zisizoruhusu. Ninyi mnanunua prosesa ya wazi, kwa bei ya kujionesha, mnaiweka kwenye madabodi iliyofungwa, kisha mnakaa kutwa nzima mnaparura ndani ya bayosi mkitafuta mahali ambapo hapapo.

Ramu nayo. Ya kizazi cha nne ina pengo katikati na ya kizazi cha tano ina pengo katikati, ila pengo limehamishwa kidogo, na nina uhakika limehamishwa kwa ajili ya watu kama ninyi. Isipokaa, usiichonge kwa tupa. Mnacheka. Tupa niliiona kwa macho haya, enzi yalipokuwa yanaona.

Pawasaplai ipime kwa mkono kabla ya kusoma maandishi. Nzito ina shaba ndani yake. Nyepesi kama boksi la viatu, hata iandikwe wati za kuwasha kanisa zima, ni uongo uliofungwa skrubu nne. Na ununue yenye nguvu zaidi ya mahitaji yako, maana ukiongeza mwendo unaongeza na ulaji wa umeme. Kipoza joto pima urefu wake na upana wa kasha. Sitaeleza kwa nini.

Mwendo wenyewe unaongezwa kwa adabu. Panda hatua moja, ipe kompyuta kazi nzito, tazama joto lake. Ikitulia panda tena. Ikianza kuyumba rudi nyuma hatua mbili na uishie hapo, ukanywe chai. Anayetaka kufika kileleni na asubiri moshi.

Hayo yote nilikuwa nayajua, tena nayajua kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Ndiyo maana kisa cha Skola kinaniuma mpaka leo.

Skola ni Skolastika, binti aliyekulia mtaa wa pili na kwangu, baba yake Mungu amrehemu. Mama yake analima mpunga Michenga. Skola alipomaliza shule alikwenda shambani miaka kadhaa, akaamia ndege wasile mpunga, akapalilia, akavuna, na huku anapiga picha za harusi kwa simu. Picha zikapendwa. Akapata kamera ya mkono wa pili, akaanza kuchukua video za komunio, ndoa na kipaimara. Lakini kuziunganisha video zile kulihitaji mashine yenye nguvu, na yeye alikuwa na laptop ya zamani iliyokuwa ikiganda kabla bibi harusi hajafika altareni.

Akaja kwangu wakati wa masika. Akapiga goti kidogo, "Shikamoo baba." Nikaitikia. Akasema, "Baba, mama ameniachia mpunga wangu wote wa mwaka jana niuuze, ninunue mashine ya video. Lakini kasema hili ni mara moja. Isipofanya kazi narudi Michenga, na kamera tunaiuza."

"Itafanya kazi," nikamwambia. Nikalisema bila hata kukohoa.

Nikachagua. Ee, nilichagua! Prosesa ya wazi, ya daraja la katikati, isiyo na majivuno. Madabodi inayokubali, yenye mabati ya kupoza pembeni mwa soketi. Nikampigia muuzaji mpaka akanichukia, nikamfanya asome toleo la bayosi kwa sauti. Ramu mbili za aina moja, pawasaplai nzito kama tofali bichi, kipoza joto nilichokipima kwa rula, kwa uzi, na tena kwa rula. Mizigo ikafika kwa basi kidogo kidogo, Skola akawa anaifuata stendi, mimi nikiwa kitini. Tukaiunda hapa barazani, yeye mikono, mimi mdomo. Tukaongeza mwendo kwa adabu, hatua kwa hatua. Mvua inanyesha, nyumba yangu ina miti pande zote na silingi bodi juu, mashine inafanya kazi nzito na haitoi hata jasho. Skola alipoona video ya harusi nzima imekamilika kabla chai haijapoa, akashika mashavu.

"Baba, hii ni uchawi."

"Hii ni kupima," nikasema, na uso nikauweka kama wa askofu.

Ninaye jirani anaitwa Mama Shija. Wao ni Wasukuma, walikuja bondeni na ng'ombe wao, wakanunua kiwanja kinachopakana na changu, na kila asubuhi ananiletea maziwa. Siku ile alisimama barazani na dumu lake akitazama Skola anavyoifunga kompyuta kwa kitenge ili aipeleke kwenye fremu ya biashara aliyopanga mjini.

"Baba Fausta, hilo ni sanduku la nini?"

"Ni mashine ya kazi, mama. Nimeitengeneza mimi."

"Haya. Isije ikafa."

Nikacheka. Mtu wa ng'ombe atajua nini?

Masika ikaisha. Mpunga ukavunwa, harusi zikaanza, maana watu wetu hawaoi wakati wa njaa. Hapo ndipo Skola akapata kazi kubwa, jubilei ya ndoa ya wazee wawili waliotoka upande wa Mahenge zamani sana, watoto wao wametawanyika nchi nzima na wote wanakuja. Walimpa picha za zamani, sauti za wazee wakisimulia, video za misa. Yote aiunganishe iwe filamu moja, ionyeshwe Jumapili ya sherehe mbele ya ukoo mzima. Kazi ya namna hiyo ikitoka vizuri huhitaji tena kujitangaza. Ikiharibika, vilevile huhitaji, wao watakutangaza.

Kompyuta ikaanza kuzima. Katikati ya kazi, mchana, pap. Skola akaifunga kitenge chake, akapanda nayo pikipiki, akaniletea. Nikaiwasha barazani. Ikawaka. Nikaipa kazi nzito, ikafanya. Nikaifungua ubavu, ndani kunang'aa kama sahani ya mgeni. Nikamwambia, "Haina kitu." Akarudi nayo. Siku ya tatu akarudi tena.

"Leo tena mgonjwa kaja?" Mama Shija akauliza kutoka upande wake wa ua.

"Ni mambo madogo," nikajibu.

Nikabadilisha ramu. Ikafanya kazi kwangu, ikazima kwake. Nikafuta dawa nyeupe ya kupitisha joto juu ya prosesa nikapaka mpya. Ikafanya kwangu, ikazima kwake. Nikaazima pawasaplai nyingine. Vilevile. Sasa hapo, vijana wangu, mtazameni mzee wenu akiwa hana jibu. Mtu asiye na jibu anatafuta mkosaji, na mkosaji aliyekuwa karibu ni Skola.

"Unabonyeza nini wewe kule?"

"Ninachobonyeza hapa ndicho ninachobonyeza kule, baba."

"Unachomeka flashi za watu?"

"Hapana baba."

"Una marafiki wanaokuja kuchezea magemu?"

Ni binti mwenye adabu, aliangalia sakafu. Kisha akasema polepole, "Baba, kule hata nafasi ya rafiki kukaa haipo."

Sikuuliza kwa nini haipo. Nikamwambia aende nayo na safari hii awe makini. Awe makini! Mashine inamzimia mikononi, namwambia awe makini.

Niwape kidogo habari za aliyenifundisha kazi, kisha turudi. Fundi Deo alikuwa na meza yake karibu na soko, mtu mfupi, mkali, mwenye sigara sikioni ambayo sikumwona akiivuta. Mtu akileta redio mbovu, Fundi Deo hakuuliza imefanya nini. Aliuliza, "Inakaa wapi?" Juu ya kabati? Jikoni? Karibu na dirisha? Chumba cha nani? Mimi kijana nilikuwa naona haya. Nilidhani mzee anapenda umbea wa vyumba vya wanawake wa watu. Siku moja mama mmoja akasema redio yake inakaa jikoni, kwenye rafu juu ya mafiga, Fundi Deo akaifungua, akakuta masizi, akayafuta, redio ikaimba. Nikajisemea, amebahatisha. Nilifanya naye kazi miaka mingi na ile sigara yake, na swali lile niliona ni tabia tu, kama wengine wanavyojikuna kichwa. Nilipoanza kazi yangu sikulichukua. Nilichukua koleo zake na ukali wake.

Turudi. Alhamisi kabla ya jubilei Skola akaja mikono mitupu. Hakupiga goti, alisema shikamoo amesimama, nami nikaona hilo.

"Mashine iko wapi?"

"Iko kulekule, baba. Imezima. Nimechoka kuibeba. Dada wa kamati ya jubilei kapiga simu leo asubuhi, kasema kama kesho sina cha kumwonyesha, anazichukua picha zao zote anampa kijana mmoja wa Morogoro. Na mama yangu ameshasikia." Akageukia njia. "Ukiweza kuja, njoo. Usipoweza, nitakuwa nimeshukuru hivyohivyo."

Akaondoka.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele mlangoni. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na viatu vyangu, akaviweka mbele ya kiti. Hata vumbi alishavifuta.

Nikapanda pikipiki. Kijana anaendesha kama anadaiwa na barabara, mimi nimemshika kiunoni kama mchumba. Akanishusha mjini, mtaa ambao sikuwa nimeukanyaga kwa muda ambao sitaki kuufikiria. Kabla sijaona kitu nikasikia. Mashine za kukoboa mpunga, moja, nyingine, nyingine tena, zote zinanguruma kwa pamoja, maana msimu umeiva na magunia yamepangwa hadi barabarani. Na fremu ya Skola iko katikati yake, ukuta kwa ukuta na mashine kubwa kuliko zote. Chumba kama kabati. Paa la bati tupu, hakuna silingi. Dirisha moja, linatazama pale pumba zinapotupwa.

Sikuingia mara moja. Nilisimama nikatazama pumba zinavyopepea, laini, za rangi ya dhahabu, zinaingia dirishani taratibu kama waumini. Zilikuwa juu ya meza, juu ya kamera iliyofunikwa leso, kwenye nywele za Skola. Mashine ya jirani ilizimwa kidogo ikawashwa tena, na taa ya chumbani ikainamisha kichwa kabla ya kuinuka.

Nikaiwasha kompyuta, nikafungua ubavu wake. Kipoza joto changu, nilichokipima kwa rula na uzi, kilikuwa kimevaa sweta. Pumba zimejaa kati ya kila bati na bati, feni inazunguka kwa shida kama mtu anayecheza ngoma ndani ya gunia. Nikagusa mabati ya madabodi kwa mgongo wa mkono, nikautoa haraka.

"Skola," nikasema, "mbona ukiniletea haiko hivi?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini anavaa nguo.

"Baba, naisafisha. Kila nikitaka kuja kwako naifungua, naipuliza kwa pampu ya baiskeli, naifuta kwa kitambaa. Utapelekaje kitu kichafu hivyo kwa mzee?"

Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ndiyo kiti pekee cha ziada kilichokuwepo.

Fikirieni wenyewe. Binti ananiheshimu, kwa hiyo kila safari anaitibu kompyuta kabla ya kuileta kwa daktari. Kompyuta inafika imepona, inawekwa kwenye baraza yenye kivuli na umeme usiotikiswa na mtu, inafanya kazi kama malaika, na daktari anasema mgonjwa mzima, mwenye kasoro ni mama wa mgonjwa. Vifaa vyote nilivioanisha sawasawa, kila kimoja na mwenzake. Sikukioanisha hata kimoja na mahali kinapokwenda kukaa. Na ule mwendo nilioupandisha kwa adabu, niliupandisha wakati wa mvua, chini ya silingi yangu, halafu nikaupeleka chini ya bati msimu wa kukoboa. Hata mzungu wa theluji hajanishinda ujinga hapo. Yeye angalau aliipima mashine yake chumbani kwake atakapoitumia.

"Kwa nini hukuniambia uko jirani na mashine za mpunga?"

"Hukuniuliza, baba. Nilidhani unajua. Kila mtu anajua."

Kila mtu asiyekaa kitini, hakulimalizia hivyo, lakini nililisikia.

Tukaisafisha. Nikaingia kwenye bayosi, nikaushusha mwendo ukarudi ule wa kiwandani. Mkono uliniuma kubonyeza, nawaambia kweli, maana ilikuwa kama kuvua cheo. Nikamfundisha kuvalisha mdomo wa hewa wa kasha soksi ndefu ya kike, zile nyembamba, iliyokatwa na kuvutwa ikakaza. Inazuia pumba na hewa inapita, na ikijaa unaifua. Mnaolipia vichujio vya kutoka ng'ambo, kawaulizeni dada zenu. Nikamwambia anunue stabilaiza kwa ajili ya umeme ule unaosinzia. Lakini jubilei ilikuwa Jumapili, mashine za mpunga hazijui jubilei ya mtu, na kazi ilikuwa nusu.

"Funga kitenge," nikasema. "Twende nayo nyumbani."

Basi mimi, mtu wa nyumbani, nisiyependa hodi baada ya saa nne asubuhi, nikampa Skola sebule. Kochi likasogezwa, meza ya kulia chakula ikawa ofisi. Ijumaa akaja dada wa kamati kuangalia, akaja na dada zake wawili, wakaangalia, wakalia walipomwona bibi yao kijana kwenye picha ya zamani, wakaenda kuita wengine. Mke wangu alipika chai mpaka sukari ikaisha. Mimi nilitafuta pa kukaa nyumbani kwangu mwenyewe nikakosa, nikaishia kwenye ngazi ya jikoni na kuku.

Jumamosi mchana filamu ikakamilika. Jumapili ikaonyeshwa uani kwao wale wazee, kwenye shuka jeupe, baada ya misa na pilau. Sikwenda, ni mbali, ni nyumba kama kumi kutoka kwangu. Lakini vigelegele nilivisikia, na baadaye Skola akapita na sahani iliyofunikwa na kuniambia kwamba yule babu aliomba waianze upya, na kwamba tayari kuna wawili wameshamwomba tarehe, mmoja wa Idete. Mama yake alikuwepo. Alimwambia kamera isiuzwe.

Nikadhani sasa atahama na mashine yake. Akaniuliza kwa upole sana kama anaweza kukaa mpaka msimu wa kukoboa uishe. Ningesema nini? Yuko pale hadi ninaposema haya, meza yangu imejaa nyaya, na mke wangu amemletea mto wa mgongoni, mto ambao mimi sikuwahi kuletewa.

Kwa hiyo mkija kwangu na feni zenu za taa, nitawauliza madabodi gani, prosesa gani, pawasaplai ya uzito gani. Lakini kabla ya hayo nitawauliza inakwenda kukaa wapi, na mkinijibu kwa kukunja uso, mkidhani nauliza umbea wa vyumba vyenu, nitawatazama nione sura yangu ya zamani mezani kwa Fundi Deo, na nitawacheka zaidi.

Asubuhi ya Jumatatu baada ya jubilei Mama Shija alikuja na maziwa, akamkuta Skola sebuleni na kompyuta imewaka. Mimi, sijui kilichonituma, nikamsimulia yote kwa kujisifu, pumba, soksi, bati, jinsi nilivyogundua. Nilitegemea walau aseme hongera. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachungulia sebuleni, akanichungulia na mimi kitini kwangu, akamimina maziwa kwenye sufuria bila haraka, akafunga dumu lake, akasema:

"Baba Fausta, mimi ng'ombe wangu akikataa kula namfuata zizini. Simwiti aje sebuleni."